Pasi ya Eurail kwa mfuko wa mwanafunzi: tathmini kutoka Kigoma

Pasi ya Eurail huuzwa kwa ahadi nyepesi kusikika: lipa mara moja, kisha panda treni katika nchi 33 za Ulaya bila kununua tiketi kwa kila safari. Ahadi hiyo si ya uongo, lakini ina masharti ambayo matangazo huyapitia haraka, na masharti hayo humuumiza zaidi mwanafunzi kuliko mtalii mwenye fedha za kutosha. Nilitumia ndugu yake, Interrail, nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Ujerumani, na hivi karibuni nimekaa hapa Kigoma na binti wa dada yangu kumpangia safari ya miji kadhaa kwa Eurail yenyewe. Kwa hiyo naipima bidhaa hii kwa mfuko wa mwanafunzi anayeanzia safari yake kwenye stesheni ya Kigoma au Tabora, ambaye viza yake bado haijatoka, na ambaye kila yuro huibadili kichwani kuwa shilingi kabla ya kuitoa.

Ijulikane kwanza ni ipi kati ya pasi hizo mbili inayokuhusu, maana zinafanana sana kwa sura na kwa bei. Eurail ilianza mwaka 1959 kwa ajili ya wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Interrail ilianza mwaka 1972 kwa ajili ya vijana wa Ulaya wenyewe. Kinachoamua leo ni mahali unapoishi. Mtanzania anayeishi Tabora hununua Eurail. Mtanzania huyo huyo akiwa na kibali cha kuishi Ujerumani kwa masomo hununua Interrail, na hapo hukutana na sharti ambalo Eurail haina, kwamba ndani ya nchi anayoishi anaruhusiwa kuitumia pasi kwa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Aliyepata nafasi ya kusoma Leipzig, basi, asiinunue Interrail kwa matumaini ya kuizunguka Ujerumani nzima. Kwa kazi hiyo kuna tiketi nyingine iliyo rahisi zaidi, nami nitaieleza mbele kidogo.

Suala la umri linawagusa watu wetu kwa namna ya pekee. Punguzo la takriban robo ya bei hutolewa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 12 hadi 27 siku anapoanza safari, awe anasoma au anauza duka, na kitambulisho cha chuo hakiongezi wala hakipunguzi kitu. Kwa kijana wa Ulaya anayeingia chuo kikuu akiwa na miaka 19 utaratibu huo hauna madhara yoyote. Kwetu, ambako mwalimu wa sekondari hufundisha miaka kadhaa Kasulu au Urambo kabla ya kupata ufadhili wa shahada ya pili, wanafunzi wengi huwa wameshavuka umri huo, na watalipa bei ya mtu mzima ingawa mfuko wao ni wa mwanafunzi. Kwa bei za karibuni, pasi ya daraja la pili ya siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja ni kiasi cha yuro 212 kwa kijana na yuro 283 kwa mtu mzima. Ya siku 7 ndani ya mwezi mmoja ni kama yuro 286 kwa kijana, na ya siku 10 ndani ya miezi miwili ni kama yuro 335. Kwa hesabu ya shilingi, ile ndogo kuliko zote inakaribia laki sita, kabla hujalala popote na kabla hujala chochote.

Ukigawa yuro 212 kwa siku 4, kila siku ya kusafiri inakugharimu yuro 53. Hiyo ndiyo namba ambayo kila mnunuzi anapaswa kuiandika kwenye karatasi na kuilinganisha na nauli halisi za njia anayoitaka. Chukua mfano wa njia inayopendwa sana na wanafunzi: Berlin hadi Praha, Praha hadi Vienna, Vienna hadi Budapest. Kila kipande hapo ni safari ya saa chache tu. Praha hadi Vienna ni kama saa 4, na Vienna hadi Budapest hazifiki 3. Mashirika ya reli ya Czech na Austria huuza tiketi za mapema kwa bei ndogo, na kampuni ya RegioJet, yenye treni za rangi ya njano, hushindana nayo katika sehemu ya njia hiyo. Anayenunua wiki kadhaa kabla ya safari mara nyingi hulipa chini ya yuro 30 kwa kila kipande, na safari nzima humtoka kwa chini ya yuro 90. Katika njia kama hiyo pasi ni hasara tupu, na sielewi kwa nini ramani ya Ulaya ya Kati hutumiwa mara nyingi kuipamba.

Hali hugeuka kabisa unapoingia Uswisi, au unapopanda treni za kasi za Ujerumani kwa tiketi iliyonunuliwa siku hiyo hiyo. Nauli ya kawaida ya ICE kutoka Berlin hadi München, isiyo ya punguzo, hupita yuro 100 bila shida. Hapo siku moja ya pasi imekwisha kujilipa, na bado saa za siku zimebaki, kwa sababu siku ya kusafiri huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku nyingine, na ndani yake unaweza kupanda treni nyingi upendavyo.

Sasa nije kwenye sharti linalowashangaza wengi. Anayepanda treni ya TRC kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam hupewa tiketi yenye behewa na namba ya kiti au kitanda chake. Akishalipa, mahali pake papo. Ulaya mambo hayo mawili yametenganishwa. Pasi inakupa haki ya kusafiri, ilhali kiti ni malipo mengine, na katika baadhi ya treni huruhusiwi kupanda bila kulipia kiti hicho. Nilipomweleza mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo, mjomba, nitakuwa nimenunua tiketi isiyo na kiti?” Ndivyo ilivyo. Katika treni za kasi za Ufaransa, TGV, mwenye pasi hulipa yuro 10 au 20 zaidi kwa safari za ndani ya nchi. Frecciarossa ya Italia hutoza zaidi ya yuro 10. Treni za Eurostar kati ya Paris na London huanzia yuro 30, na viti vilivyotengwa kwa wenye pasi ni vichache, hivyo msimu wa kiangazi huisha mapema. Hispania nayo ina utaratibu wa namna hiyo kwa treni zake za kasi. Anayepanga kuzunguka Paris, Barcelona na Roma kwa treni za kasi pekee atagundua kwamba ile yuro 53 ya siku imekuwa 65 au 75, na kwamba uhuru aliouziwa umegeuka kuwa kazi ya kutafuta viti siku baada ya siku.

Kwa upande mwingine, Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Denmark hazikulazimishi kuweka nafasi katika treni zao nyingi za ndani. Unaingia, unatafuta kiti kisicho na alama ya kuhifadhiwa, unaketi. Hata Ufaransa na Italia treni za mikoa hazidai kiti. Zinakwenda polepole na kusimama kila mahali, jambo ambalo mtu aliyekwisha kulala ndani ya treni kati ya Uvinza na Tabora hawezi kulilalamikia sana. Ukizipanga hizo, gharama ya ziada inatoweka na unabaki unalipa kwa muda wako, ambao mwanafunzi huwa nao mwingi kuliko fedha.

Lakini linaloipa pasi hii thamani kwa mtu wa Kigoma ni jambo ambalo waandishi wa Ulaya hawalitaji, kwa sababu wao haliwahusu: viza. Ada ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ukikataliwa. Maombi hupokelewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Unaombwa uonyeshe mpango wa safari, mahali pa kulala, fedha za kujikimu, na bima ya afya inayofikia angalau yuro 30,000. Mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole, na hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, kwenda tu. Alama hizo zikishachukuliwa hutumika tena kwa miezi 59, ambayo ni faraja kwa safari ya pili, si kwa hii.

Tazama basi mwanafunzi wetu anavyobanwa. Tiketi rahisi ni za mapema, na karibu zote hazirudishwi. Ubalozi nao unataka kuona mpango, lakini hakuna mwenye akili atakayekushauri ununue tiketi zisizorudishwa kabla ya kujua kama viza imetoka. Inapotoka, pengine wiki mbili tu kabla ya kuondoka, zile tiketi za yuro 19 zimekwisha na zilizobaki ni za yuro 60 au 80. Bei ya pasi haipandi kadiri siku zinavyokaribia. Unaweza kuinunua siku viza inapobandikwa kwenye pasipoti, kwa bei ile ile ambayo ungelipa miezi mitatu nyuma. Au ukainunua mapema, maana una miezi 11 ya kuianzisha, na pasi ya kawaida ambayo haijaanza kutumika hurejeshwa fedha zake kwa makato ya asilimia 15. Pasi zinazouzwa wakati wa ofa kwa kawaida hazirejeshwi, na ofa hizo ndizo zinazomvutia mwanafunzi zaidi. Kwa mtu ambaye hana uhakika wa viza, ofa ya namna hiyo ni ya kuepukwa hata ikiwa na punguzo zuri.

Upo mtego mwingine unaohusiana na viza, na huu ni mbaya kuliko wote. Ramani ya Eurail ni pana kuliko ramani ya Schengen. Schengen ina nchi 29, zikiwemo Bulgaria na Romania ambazo zilikamilisha kuingia Januari 2025. Eurail yenyewe inafika pia Uingereza, Ireland, Uturuki, Serbia, Bosnia na Herzegovina, Montenegro na Makedonia Kaskazini, ambazo zote ziko nje ya Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akipanda treni kutoka Hungaria kwenda Serbia, pasi yake itamruhusu, lakini atakuwa ametoka Schengen na hataweza kurudi. Uingereza inadai viza yake yenyewe, kwa ada yake yenyewe. Mpwa wangu alikuwa ameiweka London mwanzoni mwa orodha; tulipojumlisha viza ya pili na kiti cha Eurostar, aliifuta mwenyewe bila kuambiwa.

Kuna sifa moja ya pasi ninayoithamini kwa uzoefu wangu wa Ujerumani, nayo ni namna inavyohimili ucheleweshaji. Sifa za treni za Kijerumani kufika kwa dakika zimebaki katika mazungumzo ya zamani. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati, na huko “kwa wakati” ni kuchelewa kwa chini ya dakika 6. Tiketi ya bei ya mapema hukufunga kwenye treni moja, ingawa sheria zao hukufungua endapo kuchelewa kunakotarajiwa kunafika dakika 20. Mwenye pasi hana haja ya kujua kanuni hizo wala kubishana na yeyote. Anapanda treni inayofuata. Kwa mgeni asiyejua Kijerumani, anayesubiri huku matangazo ya stesheni yakimpita masikioni, wepesi huo una thamani yake.

Niliahidi kuitaja tiketi nyingine. Ujerumani wana Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi na ambayo bei yake imepanda tangu hapo, kwanza hadi yuro 58 mwanzoni mwa 2025. Inakubaliwa katika mabasi ya mijini, tramu, metro na treni za mikoa nchi nzima, ila si katika ICE wala treni nyingine za masafa marefu. Eurail haina ubora huo wa mijini, kwa kuwa metro na tramu haziko ndani yake. Udhaifu wa Deutschlandticket ni kwamba ni ya kujiandikisha kila mwezi, na lazima uifute ifikapo tarehe 10 ili usikatwe fedha za mwezi unaofuata. Msafiri akishasahau hilo, akaunti yake haisahau. Kwa anayekaa Ujerumani tu kwa wiki tatu, hii inaishinda Eurail kwa mbali.

Kwa tiketi hiyo mtu wa Kigoma anaweza kufanya safari ndogo ambayo hataiona katika orodha yoyote ya watalii. Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, katika njia ya reli kati ya Münster na Emden, uko mji wa Papenburg, na hapo ndipo kiwanda cha Meyer Werft kilipoiunda mwaka 1913 meli ambayo sisi tunaijua kama MV Liemba. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa bara kwa reli, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kiwanda bado kipo na sasa huunda meli kubwa za kitalii. Treni ya mkoa inatosha kukufikisha, na haidai kiti.

Uswisi nayo ina njia ambayo ningemshauri mtu wa reli ya kati asiikose, ile ya Bernina kutoka St. Moritz hadi Tirano nchini Italia, iliyokamilika mwaka 1910. Inapanda hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, tena bila meno ya kung’ang’ania reli, na upana wake ni mita moja kamili, sawasawa na reli ya zamani inayopita Tabora. Pasi ya Eurail inakubaliwa humo. Treni maarufu ya watalii, Bernina Express, hutoza ada ya kiti. Treni za kawaida hupita juu ya reli hizo hizo, huona milima hiyo hiyo, hazitozi kitu, na madirisha yake mengine hufunguka.

Kuhusu matumizi ya kila siku sina malalamiko makubwa. Pasi siku hizi hukaa kwenye simu, ndani ya programu iitwayo Rail Planner. Kabla ya kupanda unaiongeza safari yako, unaiwasha siku hiyo, na mkaguzi anasoma msimbo kwenye skrini. Ratiba hupatikana hata bila intaneti, lakini simu yenye betri mbovu ni hatari ya kweli, na betri ya akiba ya kuchajia (power bank) si anasa. Jina katika pasi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, kwani mkaguzi anaweza kuomba kuviona vyote viwili. Wale ambao cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na pasipoti vina mpangilio tofauti wa majina matatu wafuate pasipoti. Malipo hufanywa kwa kadi iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na ni busara kuijaribu kwa kitu kidogo kabla ya kuitegemea kwa laki sita.

Treni za usiku, hasa Nightjet za Austria, husifiwa kwamba zinaokoa gharama ya kulala. Zinaiokoa kwa kiasi fulani tu, kwa kuwa mwenye pasi hulipia kiti au kitanda, na kitanda katika chumba cha watu sita kinaweza kukaribia bei ya kitanda cha hosteli. Faida iliyo dhahiri zaidi ni kwamba ukipanda kabla ya saa sita usiku na usibadilishe treni njiani, inahesabiwa siku moja tu ya pasi ingawa unafika kesho yake. Chumba cha vitanda sita, kwa aliyezoea daraja la pili la kulala la reli ya kati, hakina jipya la kumshangaza.

Hukumu yangu inategemea njia. Kwa aliyevuka miaka 27 na anayetaka Praha, Vienna na Budapest pekee, singependekeza pasi hii hata kidogo. Asubiri viza, anunue tiketi za RegioJet au za mabasi, na fedha inayobaki ailipie hosteli. Kwa kijana aliye chini ya umri huo, anayepita Ujerumani, Uswisi na Austria kwa mwezi mmoja na ambaye viza yake inaweza kutoka dakika za mwisho, pasi ya siku 7 ni ununuzi mzuri, na ile ya siku 10 ni bora zaidi kwa kila siku moja iwapo viza inampa muda. Ile ya siku 4 naiona ghali kwa kila hali isipokuwa Uswisi. Mpwa wangu amechagua ya siku 7, bei ya kawaida isiyo ya ofa, na ataitumia kwa zile safari ndefu tu. Luxembourg, ambako usafiri wa umma wa daraja la pili ni bure tangu 2020, amepanga kuizunguka siku ambayo pasi haijawashwa kabisa.